Taa ya sebuleni: wikiendi ya tatu, imezimika

Imezimika. Giza totoro, baada ya wikiendi tatu za kupanda na kushuka ngazi.

Niling'oa balbu ya zamani ya wati 60, nikafunga taa ya LED ya wati 18, ile ya duara ya kubana kwenye dari. Ikawaka vizuri. Usiku ule mama, ambaye amekuja kutoka Tanga na analala sebuleni, akaniita: "Mwanangu, mbona hii taa ukiizima inabaki inanitazama?" Kweli. Swichi imezimwa, taa ina weupe hafifu, unaona hadi ukingo wa meza.

Wikiendi ya kwanza nikailaumu taa, nikanunua nyingine. Yale yale. Ya pili nikailaumu swichi, nikaweka isiyo na kile kitaa chekundu cha ndani, maana vitaa vile hupitisha umeme kidogo na LED huudaka. Bado.

Testa ya bisibisi ndiyo iliyonipoteza. Swichi ikiwa imezimwa, ilikuwa inawaka kwenye waya mwekundu, unaoleta umeme, na kwenye mweusi, unaourudisha, pia, nikaamini nyaya zimegusana ndani ya paipu. Jana nikaazima multimita, kile kipimo cha volti. Mwekundu na ethi, ule waya wa kwenda ardhini, swichi imezimwa: volti 228. Nikashuka ngazi, nikakaa. Moto, yaani umeme wenyewe, ulikuwa unafika kwenye taa saa zote. Swichi ilikuwa inakata nyutro, ule mweusi wa kurudisha, badala ya mwekundu!

Balbu ya zamani haikuonyesha kitu kwa sababu uzi wake unataka umeme mwingi ndipo uwake. LED inatosheka na kile kidogo kinachopenya kwenda kwenye bati la taa na nyaya za jirani. Kinachoniuma ni kwamba kila aliyewahi kubadilisha balbu pale, akiamini amezima, alikuwa anashika holda yenye moto. Mdogo wangu amefanya hivyo mara nyingi. Fundi aliyefunga nyumba hii alitakiwa apime mara moja tu.

Leo nimeshusha meni swichi, nikapima tena kuhakikisha, nikaingia darini kabla bati halijapata joto. Kifuniko cha jointi boksi, kile kisanduku cha kuungia nyaya, kilivunjikia mkononi. Ndani mayai mawili ya mjusi, na tepu iliyoyeyuka ikawa inanata vidoleni kama ulimbo. Waya unaoshuka kwenye swichi ulikuwa umefungwa kwenye fungu la nyaya nyeusi. Nikauhamishia kwenye nyekundu. Unaorudi kutoka kwenye swichi nikauunga na mwekundu wa taa, mweusi wa taa ukaenda kwa weusi wenzake. Dakika ishirini. Sasa swichi ikizimwa, mwekundu na ethi inasoma sifuri.

Tepu darini nimeachana nayo, joto la bati linaimaliza. Konekta za skrubu, na uvute kila waya baada ya kukaza.

Jikoni na koridoni nilipanga kumaliza leo hii hii. Sijagusa. Nikiwa kule juu nilianza kuchora kila boksi kwenye daftari, waya gani unatoka wapi, na siwezi tena kufunga taa nyingine kabla ramani haijakamilika. Boksi ya jikoni nimeshaifungua: nyeusi nne, nyekundu tatu, na ya kijani moja imekatwa, haijaungwa popote. Hiyo ethi ilikuwa inakwenda wapi?