Mkato katika virejeshi vya Kiingereza
Katika virejeshi vya Kiingereza, yaani vishazi vinavyoeleza nomino kwa maneno kama "who" na "which", naona hakuna kinachostahili uangalifu kuliko alama ya mkato, kwa kuwa ndiyo inayoamua maana. Anayeandika "My brother who lives in London is a doctor" anamtofautisha kaka huyo na kaka zake wengine, ilhali "My brother, who lives in London, is a doctor" humfanya msomaji aelewe kwamba kaka ni mmoja tu, na makazi yake yametajwa kama nyongeza; katika sentensi hii ya pili "that" haiwezi kuchukua nafasi ya "who". Vilevile, tusiseme "the book which I bought it", hata kama Kiswahili kinaruhusu "kitabu nilichokinunua", chenye "-ki-" inayorejelea kitabu, kwani "which" tayari ndiyo yambwa (kitu kinachotendewa) ya kitenzi "bought".