Behewa la Mafuta Lililopasuka Kabatini

Januari 2019, Jumapili ya mvua hapa Leicester, nilishusha kasha la viatu kutoka juu ya kabati. Ndani mlikuwa na mabehewa manne ya treni niliyoyaunda mwenyewe, yamelazwa kwenye sponji, hayajaguswa tangu tuhame nyumba. Binti yangu ndiye aliyekuwa akiyapokea, na ndiye aliyeona kwanza. "Baba, hili mbona limevimba?"

Lilikuwa behewa la tangi la Uingereza, la ekseli mbili, la kubebea mafuta mazito, kwa kipimo cha 1:76, yaani dogo mara 76 kuliko la kweli. Mshono wa chini ya tangi ulikuwa umeachana kutoka mwanzo hadi mwisho, na katikati ufa ungeingiza ukucha. Unga mweupe ulikuwa ukichungulia humo kama sima iliyokauka. Ngazi ya plastiki ya upande mmoja ilikuwa imeng'oka, na waya uliofunga tangi kwenye fremu umekatika. Hakuna aliyeliangusha. Lilijipasua lenyewe gizani.

Mkosaji nilimjua papo hapo: mimi, mwaka 2013, nikiwa na chupa ya gundi nyeupe ya mbao.

Behewa lile lilitoka kwenye seti ya kuunganisha (nasema seti, maana ukitohoa neno la Kiingereza unapata kiti, na watu watakuuliza kina miguu mingapi). Seti za namna hii huja na nusu mbili za tangi, vifuniko viwili vya ncha, fremu, ngazi na vipande vya breki. Fremu nilikuwa nimeijenga vizuri, hilo najisifu. Niliiunganisha juu ya kipande cha kioo, kwa sababu meza ya mbao haijanyooka, na fremu ikipinda nusu milimita tu gurudumu moja linaning'inia. Matundu ya ekseli niliyapanua kwa keekee ya milimita 2, nikasukumia beringi za shaba, ekseli za milimita 26 zenye ncha kali zikakaa humo. Upande wa kwanza ulikauka kabisa kabla sijabandika wa pili, ekseli zikiwa tayari mahali pake. Nafasi kati ya migongo ya magurudumu niliipima ikawa milimita 14.5, ikipungua, gurudumu hupanda juu ya reli kwenye makutano na behewa linalala ubavu.

Tatizo lilikuwa uzito. Plastiki ni nyepesi, na behewa jepesi likiwa katikati ya treni ndefu huvutwa kuelekea ndani ya kona na kuacha reli. Kipimo kinachotumiwa na wengi Uingereza ni gramu 25 kwa kila ekseli, yaani gramu 50 kwa behewa kama hili. Langu, pamoja na magurudumu ya chuma, lilikuwa na 23. Nikamimina punje za risasi, ile metali laini na nzito, ndogo kama mbegu za mtama, hadi ikatimia, kisha nikazimwagia gundi nyeupe ili zisichezecheze, nikafunga tangi. Kazi ya dakika kumi.

Gundi ile, PVA, ikikaa hutoa asidi ya siki kidogo kidogo. Asidi hiyo hula risasi. Kinachopatikana hukutana na unyevu na kaboni dayoksaidi ya hewani, kikawa kaboneti ya risasi, ule unga mweupe, huku asidi ikiachiliwa kwenda kula punje nyingine. Kwa hiyo asidi chache tu inatosha, na unga huchukua nafasi kubwa kuliko risasi iliyouzaa. Punje zikiwa kubwa, eneo la kuliwa ni dogo. Zikiwa kama mtama, eneo ni kubwa mno, na mchezo huenda haraka. Mafundi wa zamani wa Ulaya walitengeneza rangi nyeupe hivyo hivyo kwa makusudi: vipande vya risasi juu ya siki ndani ya vyungu, vikafukiwa kwenye samadi ili vipate joto. Mimi nilijenga kiwanda hicho ndani ya tangi, nikalitia kabatini.

Unga huo ni sumu, kwa hiyo binti yangu nilimtoa mezani kwanza. Nilivaa glavu, nikatandaza gazeti lililoloweshwa, na kila kitu nikakifanya kikiwa na maji. Kupuliza au kupiga msasa mkavu hapa ni ujinga mtupu. Mahali ambapo mshono ulikuwa bado umeshika, sikulazimisha. Nilipitisha wembe mara kumi na tano hivi kwa mkono mwepesi kwenye mstari uleule hadi plastiki ikaachia. Ukiingiza nguvu, unakata nje ya mstari na umepata kovu la maisha. Nusu mbili zilipofunguka, uji mgumu wa gundi na risasi ulitoka mzimamzima kama andazi lililoungua, nikautia ndani ya mtungi wenye kifuniko, ukaenda kituo cha taka za sumu. Plastiki nikaiosha kwa sabuni mara tatu.

Nilidhani kazi imebaki gundi tu. Nilipozikutanisha zile nusu, hazikukutana. Miaka ya kusukumwa ilikuwa imezipanua, katikati zikapishana karibu milimita moja. Nikafikiria maji ya moto; bahati nzuri nilijaribu kwanza kwenye kipande cha ziada, kikajikunja kama jani la muhogo juani. Dawa ikawa mbavu: nusu duara tatu za plastiki nene ya milimita 1.5, nikazibandika ndani ya nusu moja, zimezidi ukingo kidogo ili nusu ya pili iingie juu yake na kulazimika kufuata umbo.

Safari hii uzito ulikuwa nati 11 za M6, gramu 27, zimepangwa chini kabisa ya tangi na kugawanywa sawa kuelekea ekseli zote mbili. Nilizishika kwa epoksi, gundi ngumu ya kuchanganya. Halafu nikatoboa tundu la milimita 2 chini ya tangi, mahali fremu inapolificha. Tundu hilo lingekuwepo tangu mwanzo hata bila risasi, kwa sababu gundi ya majimaji inayounganisha plastiki hufanya hivyo kwa kuiyeyusha, na mvuke wake ukifungiwa ndani unaendelea kulainisha kuta hadi zinabonyea.

Nilifunga kwa raba za ofisini, nikagusisha brashi ya gundi kwenye mshono na kuiacha ijivute yenyewe. Ukiona ukingo mwembamba wa plastiki laini unajitokeza, imetosha. Saa 24, kisha kuparua kwa wembe, puti nyembamba, msasa wa 600 na wa 1000 pamoja na maji, praima (rangi ya kwanza) ya kijivu. Praima haifichi kitu, kwangu ilionyesha mikwaruzo miwili niliyoapa sikuifanya. Nikarudi kwenye msasa. Ngazi mpya niliiunda kwa waya wa shaba.

Matangi ya mafuta mazito yalipakwa rangi nyeusi, lakini rangi nyeusi tupu kwenye kitu kidogo hivi hufanya kiwe kama kivuli, huoni mshono wala riveti. Nilichanganya nyeusi sehemu 6, nyeupe sehemu 1 na tone la kahawia, akriliki, nikaipunguza hadi uzito wa maziwa na kuipulizia kwa brashi ya hewa, sentimita 12 hivi kutoka kwenye behewa. Ukisogea mbali sana rangi inakauka njiani, inatua kama mchanga. Kabla ya maandishi ya stika za maji lazima upitishe vanishi ya kung'aa. Juu ya rangi isiyong'aa, hewa hunaswa chini ya stika, na kwa pembeni utaona kioo cha fedha kuzunguka kila herufi.

Kuchafua ndiko nikupendako. Niliposoma Changamwe, Mombasa, mabehewa ya mafuta ya kiwandani yalikuwa yakipita, na kitu kimoja kimenikaa: mafuta yaliyomwagika kwenye mfuniko hayafifii, yanateleza ubavuni kama wino mbichi, na vumbi linayanasa pembeni tu. Rangi ya vumbi sikuichukua huko, bila shaka. Udongo mwekundu wa Voi juu ya behewa la Uingereza ungekuwa kichekesho. Hapa ni kijivu-kahawia, unga wa chuma cha breki uliochanganyika na tope, na hujaa chini, kwenye fremu na nyuma ya magurudumu.

Rangi ya mafuta, kahawia iliyokolea, sehemu 1 kwa 10 za tapentaini nyeupe, niliipaka tangi zima. Haiyeyushi akriliki iliyokauka, ndiyo maana mpangilio ni huo na si kinyume chake. Dakika 20. Kisha brashi bapa ya milimita 6, imelowa kidogo tu na kufutwa kwenye kitambaa, naivuta kutoka juu kwenda chini, naifuta tena, naivuta. Binti yangu alikuwa amerudi, kidevu mezani. Mstari wa nne niliuvuta kwa uvivu kutoka chini kwenda juu, ukaacha ncha pana chini na nyembamba juu.

"Baba, mvua hainyeshi kwenda juu."

Nikaufuta. Chini ya mfuniko niliongeza michirizi mitatu tu ya vanishi ya kung'aa yenye tone la nyeusi, urefu tofauti, mmoja ukikatiza herufi ya kwanza ya maandishi. Kutu niliidonoa kwa kipande cha sponji kwenye pembe za ngazi, nikaacha mapema kuliko nilivyotaka. Kwa mafuta yale yote, mshono uliofufuliwa hauonekani hata ukijua ulipo.

Mizani ilisema gramu 51. Lilizunguka reli mara ishirini nyuma ya kichwa cha treni, kisha mbele yake likisukumwa, bila kuanguka.

Ndipo nikakikumbuka kichwa kingine, kile kidogo chenye tangi la maji lililokalia boila kama tandiko la punda. Nacho nilikijaza 2013, wiki ileile, kwa chupa ileile. Nikakishusha, nikakitikisa sikioni: kimya. Nikaweka rula ya chuma chini ya fremu yake na kuielekeza dirishani. Ncha zote mbili ziligusa. Katikati ulipita mstari wa mwanga.