Kesi ya Ndombolo

Binti yangu anaandaa shoo ya kufunga shule, kwa hiyo nyumba nzima tumekuwa wanafunzi wa Ghetto Kids. Ile video ya Britain's Got Talent ya mwaka 2023, jaji Bruno Tonioli anabonyeza kitufe cha dhahabu huku wale watoto wa Kampala bado wanacheza, nimeiona mpaka basi. Juzi akaniuliza, "Mama, nyinyi hamkuwa na simu. Mlikuwa mnaiga nani?"

Tuliiga chochote kilichonaswa na antena.

Kule kwenye kambi ya askari, karibu na mpaka wa Kenya, televisheni ya KBC ya Nairobi ilishika vizuri kuliko stesheni za kwetu, mradi kaka asimame nje akizungusha ule mwanzi. "Bado! Rudisha! Hapo hapo, usiguse!" Ndivyo tulivyompata Mzee Ojwang na Mama Kayai wa Vitimbi, na ndivyo tulivyoipata Vioja Mahakamani, vichekesho vya kesi. Lugha haikutushinda. Baba zetu walitoka kila pembe ya Uganda, na Kiswahili ndicho walichopewa amri nacho. Kaka maskini aliisikia Vioja dirishani miaka nenda rudi. Kuiona, aliiona mara chache.

Halafu kulikuwa na kibanda cha video, ambako VJ, yule mtafsiri wa filamu, alimtafsiri Jackie Chan kwa Kiluganda na kumtia maneno ambayo Jackie Chan hakuwahi kuyawaza. Na kaseti ya mjomba ya Soul Train, kipindi cha dansi cha Marekani, iliyorekodiwa juu ya harusi ya watu, kiasi kwamba dansi ikinoga tu, bwana harusi anatokea anakata keki. Kipindi kile kilianza Chicago mwaka 1970, kikahamia Los Angeles. Sisi hayo hatukuyajua. Tulichokiona ni mistari miwili ya watu wenye afro, na katikati wachezaji wanapita wakijimwaga.

Basi shoo yetu ya Krismasi ikawa mahakama. Mshtakiwa: Ndombolo, ile dansi ya Kikongo ya kukata kiuno, kwa kosa la kuharibu watoto, maana ndiyo malalamiko ya wazee miaka ile. Hakimu alivaa joho la kwaya. Mimi mwendesha mashtaka. Mshtakiwa alikatazwa kufungua mdomo, kila swali alijibu kwa kiuno, na kaka, VJ wetu, akakitafsiri.

"Ulikuwa wapi usiku wa Jumamosi?"

Kiuno kikazunguka taratibu, kushoto.

"Mheshimiwa, anasema alikuwa kanisani."

Kikakatika kulia, mara mbili.

"Anasema ana shahidi. Shahidi mwenyewe ni Afande OC, yule pale mbele."

OC ndiye mkuu wa baba zetu. Hilo hatukulifanyia mazoezi. Ukumbi ukanyamaza. Nilimwona baba akiangalia viatu vyake. OC akasimama, akavua kofia, akampa mkewe, akavuta mkanda juu ya kitambi. Kisha akaingia katikati ya mistari yetu miwili, na akapiga gwaride. La polepole, lile la mazishi ya wakubwa, buti zikigonga sementi huku redio ikimwaga magitaa ya Kikongo. Mikono imenyooka, macho mbele. Alipofika katikati akasimama, akapiga mguu papo hapo. Na bila uso kubadilika hata kidogo, kiuno kikazunguka. Mara moja tu. Akaendelea na gwaride mpaka mwisho.

Watu walipanda juu ya mabenchi. Hakimu akamgeukia kaka: shahidi amesemaje?

"Huyo sitafsiri, Mheshimiwa. Nyumbani nina mama."

Ndombolo aliachiwa huru, nadhani. Hakuna aliyesikia hukumu.

Baada ya Mwaka Mpya baba akapata uhamisho kwenda Karamoja, kule mbali kaskazini-mashariki mwa Uganda. Mama mpaka leo anaapa kwamba ni ile kesi. Baba anasema uhamisho ni uhamisho, halafu anacheka peke yake, jambo linalomkera mama zaidi. Kaka naye anadai barua ilikuwa imeshaandikwa kabla ya Krismasi, na kwamba kiuno cha OC kilikuwa kinamuaga baba. Inawezekana. Ila shahidi wa namna hiyo, anayesoma viuno, mimi kama mwendesha mashtaka ningemkataa.