Anga Nyeusi Juu ya Wanaanga

Jioni ya leo nimezipitia tena picha za safari ya Apollo 11, zile zilizopigwa mwezini Julai 1969, na macho yangu yamekawia zaidi kwenye anga iliyo juu ya wanaanga kuliko kwa wanaanga wenyewe. Anga hiyo ni nyeusi tititi, haina hata nukta moja ya mwanga. Mpwa wangu, ambaye hakubali jambo kirahisi, alichungulia akauliza, "Mjomba, kama kweli walifika, nyota ziko wapi?" Swali ni la haki, na nimeona heri niliandikie jibu lenye utulivu kuliko lile nililompa tukisubiri chakula.

Weusi wa anga hutufanya tudhani kwamba ulikuwa usiku, ilhali wanaanga wale walitua mchana. Hapa duniani hewa hutawanya mwanga wa jua, ndiyo maana anga ya mchana ni ya buluu. Mwezini hakuna hewa ya kufanya kazi hiyo, kwa hiyo anga hubaki nyeusi hata jua linapowaka. Neil Armstrong, aliyekuwa na kamera kwa muda mwingi, alikuwa akimpiga picha Buzz Aldrin aliyevaa vazi jeupe juani, akalazimika kuifungua kamera kwa muda mfupi sana, kama 1/250 ya sekunde, la sivyo vazi lile lingegeuka doa jeupe lisilo na mkunjo wala mshono. Mimi ninapopiga picha za nyota huifunga kamera kwenye stendi na kuiacha wazi kwa sekunde 20 hivi, yaani mara 5,000 ya muda ule. Hata Sirius, inayong'aa kuliko nyota zote za usiku, mwanga wake unaotufikia unazidiwa na ule wa jua zaidi ya mara bilioni 10. Hakuna filamu iliyoweza kubeba vyote viwili kwa mkupuo mmoja. Kwa kweli, ningeletewa picha ya mwanaanga aliyesimama juani huku nyota zimetapakaa nyuma yake, hiyo ndiyo ningeishuku kwamba ni picha mbili zilizounganishwa.

Jicho nalo hubanwa na hali hiyo hiyo. Katika mkutano na waandishi wa habari wa Agosti 1969, Armstrong alieleza kwamba walipokuwa juu ya mwezi hawakuweza kuona nyota kwa macho matupu, bila kutumia vifaa vya kutazamia. Picha zinazopigwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga zinaonyesha jambo hili vizuri zaidi, kwa kuwa kituo hicho huizunguka dunia kwa takriban dakika 90 na hupita mchana na usiku katika kila mzunguko: upande wa mchana anga ni tupu, na upande wa usiku mwanaanga Don Pettit amewahi kupiga picha ambazo nyota zimechora mistari mirefu iliyopinda.

Linalonishangaza ni kwamba wanaouliza swali la mpwa wangu kwa kejeli hawaitaji kamwe Apollo 16. Aprili 1972, John Young na Charles Duke walikwenda mwezini na kamera iliyobuniwa na George Carruthers, mwanasayansi Mmarekani mweusi, mahsusi kwa ajili ya kunasa mionzi ya urujuanimno, yaani mwanga usioonekana kwa macho, ambayo kwa sehemu kubwa huzuiwa na hewa ya dunia isitufikie huku chini. Kamera hiyo, iliyopakwa dhahabu, iliwekwa ndani ya kivuli cha chombo chao cha kutua, na kivuli kilipopungua kwa kadiri jua lilivyopanda, ilibidi isogezwe ili isipigwe na jua. Ilielekezwa kwenye Dunia ikalinasa wingu la hidrojeni linaloizunguka. Ilielekezwa pia kwenye Wingu Kubwa la Magellan, kundi la nyota lililo jirani na letu. Wanaanga walirudi na filamu tu, kamera ikabaki huko huko. Picha zenyewe hazina mvuto wa zile za Aldrin, kwani zina chengachenga na baadhi zimetiwa rangi za kubuni baadaye, lakini zina nyota tele.