Lango Lililojijibu Lenyewe

Mwaka 2014 nilikuwa nikiishi kwa mjomba wangu mjini Morogoro, katika nyumba ambayo intaneti yake yote ilipitia kwenye kompyuta moja kuukuu ya Pentium 4 niliyokuwa nimeigeuza kuwa ruta. Ilikuwa na memori ya megabaiti 512, mfumo wa Debian 7, kadi moja ya mtandao iliyokuja nayo, na nyingine ya Realtek niliyoinunua mkononi mwa mtu. Kwa miezi kadhaa mtandao wa nje uliingia kupitia modemu ndogo ya USB yenye laini ya simu, ambayo kampuni iliipa anwani (namba inayokitambulisha kifaa mtandaoni) zinazoanza na 10. Upande wa ndani, nilikokuwa na uhuru wa kujichagulia, niliipa ruta anwani 192.168.1.1 kwa sababu tu ndiyo niliyozoea kuiona kila mahali.

Tulipohamia kwa mtoa huduma mwingine, mafundi walifunga antena juu ya paa, wakatuachia boksi dogo sebuleni na kwenda zao. Nilipochomeka kompyuta yangu ya mkononi moja kwa moja kwenye boksi hilo, intaneti ilipatikana bila shida. Nilipouhamishia waya kwenye ruta yangu, nyumba nzima ilikosa mtandao.

Nilianza kwa kuishuku kadi ya Realtek, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa ya bei nafuu, nikaifuta vumbi na kuibadilishia nafasi. Nikabadilisha waya. Nikapiga simu kwa watoa huduma, nikaambiwa nizime boksi, nihesabu hadi thelathini, kisha niwashe tena, nami nikafanya hivyo mara tatu huku nikinung'unika. Waliniambia pia kwamba boksi lao ni zima, jambo ambalo lilikuwa kweli, ingawa asubuhi ile sikuwa tayari kulisadiki.

Kilichonichanganya zaidi ni kwamba kadi ya nje, yaani ile iliyounganishwa na boksi, ilikuwa imepokea anwani kutoka kwenye boksi, 192.168.1.2, bila manung'uniko yoyote. Nilipotuma pingi, yaani ujumbe mdogo wa kuuliza kama mashine fulani ipo, kwenda 8.8.8.8, anwani ya Google huko nje kwenye intaneti, kompyuta ilijibu kwamba mtandao haufikiki. Lakini nilipoituma kwenye lango lenyewe, yaani mashine ambayo data hupitia kutoka nje, 192.168.1.1 ambayo ndiyo anwani ya boksi, majibu yalirudi mfululizo, hata moja halikupotea, tena kwa kasi ya 0.05 ya milisekunde. Nilifurahia kasi hiyo badala ya kuitilia shaka, ilhali kwenye waya baina ya mashine mbili za aina ile nilizoea kuona kitu kama nusu milisekunde.

Mjomba alikuwa ameketi nyuma yangu na gazeti lake. Niliuchomoa waya wa boksi ili niusafishe ncha, nikaacha pingi ikiendelea kwenye skrini.

"Mjomba," alisema, maana kwetu mjomba na mpwa huitana hivyo hivyo, "waya si umeshauchomoa? Sasa huyo anayekujibu ni nani?"

Nilitazama skrini. Majibu yalikuwa yakiendelea kumiminika, na waya ulikuwa mkononi mwangu.

Aliyekuwa akijibu ni ruta yangu yenyewe. Boksi lilikuwa limetoka kiwandani likiitwa 192.168.1.1, na kadi yangu ya ndani niliipa jina hilo hilo. Kompyuta ilipowaka, kadi ya ndani ilitangulia kuchukua anwani yake; boksi liliposema "lango lako ni 192.168.1.1", mfumo ulikataa kuandika njia hiyo, kwani hauwezi kujifanya wenyewe kuwa mlango wa kutokea. Tangu miaka ya 1990 anwani zote zinazoanza na 192.168 zimetengwa kwa matumizi ya ndani, nazo zinatosha mitandao midogo 256 yenye anwani 256 kila mmoja. Katika mitandao yote hiyo, nilikuwa nimeuchagua ule ule aliouchagua mtengenezaji wa boksi.

Nilipomweleza mjomba, hakushangaa hata kidogo. Alistaafu Posta baada ya miaka mingi ya kupanga barua, akaniambia kwamba S.L.P. 120 inaweza kuwapo Morogoro na pia Tanga bila ugomvi wowote, maadamu bahasha imetaja mji. Kasheshe ni pale masanduku mawili yenye namba moja yanapokuwa kwenye posta moja. Sijawahi kusikia maelezo bora zaidi ya jambo hilo.

Niliuhamisha mtandao wa ndani kwenda 192.168.10.0, nikarekebisha dnsmasq, programu inayogawa anwani kwa vifaa vya nyumbani, ili igawe anwani mpya, nikawasha upya kila kitu. Ruta sasa ilifika nje, lakini simu na kompyuta za nyumbani bado hazikufika. Hapo niliona haya peke yangu, kwa sababu kosa lilikuwa kwenye mstari nilioutunga kwa mkono wangu ndani ya iptables, programu ya kanuni za kupitisha data: kanuni ya kuzivisha pakiti, yaani vipande vya data, anwani ya ruta kabla hazijatoka ilikuwa bado inazitaja zile zinazotoka 192.168.1.0 tu. Nilipochungulia kwa tcpdump, programu inayoonyesha pakiti zinazopita, kwenye kadi ya nje, nikaziona pakiti zikitoka na anwani zao za ndani, huku boksi likiwa halina habari ya kuwapo kwa mtandao unaoitwa 192.168.10.0, hivyo hakuna jibu lililorudi. Nilibadilisha tarakimu hizo, na kabla ya magharibi nyumba ikawa na intaneti.

Wiki mbili baadaye mjomba alitaka kuchapisha barua inayohusu pensheni yake, printa ikawa haionekani. Ilikuwa bado na 192.168.1.50 niliyoiingiza kwa mkono mwaka uliotangulia na kuisahau. Niliipa anwani mpya, nikaiandika kwa kalamu juu ya kipande cha plasta, na mjomba mwenyewe akakibandika ubavuni mwa printa.