Nywele Zangu Zilikuwa Zikinipa Habari za Miezi Mitatu Nyuma

Ilianza kwenye mto. Nikiamka naziona zimelala pale, nne, tano, baadaye kumi na zaidi, nami nazipangusa kwa kiganja kabla ya mtu mwingine kuamka. Wiki mbili baadaye maji ya bafuni yakawa hayaendi. Nikainama, nikavuta kutoka kwenye tundu la maji kishungi kizima cha nywele zangu mwenyewe, nikaketi nacho pale pale kwenye sakafu iliyolowa. Niliona kama kuna kitu kimeharibika ndani ya mwili wangu na mimi ndiye wa mwisho kuambiwa. Nililia sana siku ile.

Wakati huo nilikuwa na mwaka wa tisa sili nyama wala samaki. Mayai na maziwa natumia. Sababu zangu ni za moyoni; yatosha kusema kwamba mnyama kuchinjwa kwa ajili ya sahani yangu ni jambo nililoshindwa kulibeba. Nalitaja mapema kwa kuwa kila niliyemweleza habari ya nywele alikimbilia jibu moja. Rafiki zangu walisema kula nyama. Shangazi alisema kula nyama. Mama, ambaye hajanilazimisha jambo lolote tangu nikue, alinipigia simu akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, nyama yenyewe uiache, lakini mchuzi wake basi unywe. Mchuzi tu." Maneno hayo yaliniumiza kuliko ya wengine wote, maana niliijua hofu aliyokuwa nayo, na kwa siku kadhaa nilijiuliza kwa dhati kama imani yangu ndiyo inayoninyonyoa.

Nikaanza kuzihesabu. Za kwenye mto, za kwenye kitana, za bafuni, zote naziandika kwenye daftari dogo. Siku moja ya kuosha nilifika 212. Nilikuwa nimesoma kwamba kichwa cha mtu mzima kina nywele kama 100,000, na kwamba kupoteza kati ya 50 na 100 kwa siku ni kawaida, na siku ya kuosha huzidi. Kuhesabu kunachosha roho, na simshauri mtu afanye hivyo kwa muda mrefu. Lakini daftari lile lilinifaa kwa jambo moja: nilipokwenda kwa daktari nilikuwa na tarehe mkononi, na tarehe ndizo alizozitaka.

Kabla ya kwenda nilikuwa nimepoteza karibu miezi miwili kwa shampuu, mafuta ya kupaka na vidonge vya biotini, aina ya vitamini B, alivyonipa rafiki. Hakuna kilichosaidia, na cha vidonge nitakirudia.

Daktari alinikalisha chini ya taa, akapitisha njia kichwani sehemu mbalimbali, akatazama ngozi. Kisha akashika fungu la nywele, kama 60 hivi, akalivuta polepole kuanzia karibu na ngozi hadi mwisho. Zikabaki nane vidoleni mwake. Akaniambia zikizidi sita katika fungu kama lile, basi nywele zinapukutika kweli. Akanionyesha ncha ya mojawapo, yenye kijifundo cheupe. Hicho ndicho kilichokuwa kikinitisha kuliko vyote, kwa sababu nilidhani ni mzizi umeng'oka na mahali pake hapataota tena. "Huu si mzizi," akasema. "Ni kitako cha unywele uliomaliza muda wake. Shimo lake bado lipo ndani ya ngozi, linasubiri."

Kisha akauliza, "Dada, miezi mitatu au minne kabla ya hizi kuanza kudondoka, ulikuwa unaishi vipi?"

Nikaanza kumweleza jinsi ninavyolala vibaya, jinsi nilivyobadilisha shampuu. Akanikatiza kwa upole. "Hayo ni ya sasa. Mimi nataka ya wakati ule."

Hapo ndipo alipoeleza, na maelezo hayo yalibadilisha kila kitu kwangu. Unywele mmoja hukua kwa miaka 2 hadi 7, ukapita kipindi kifupi cha wiki mbili tatu cha kuacha kukua, kisha ukapumzika kwa miezi kama mitatu, ndipo udondoke. Siku za kawaida, nywele kati ya 85 na 90 katika kila 100 ziko kwenye kukua. Mwili ukipata pigo, iwe ni homa kali, kujifungua, upasuaji, kupungua uzito ghafla au kuishiwa madini ya chuma, nywele nyingi huingia mapumzikoni kwa mpigo. Hazidondoki siku hiyo. Zinakaa kichwani zimetulia, unazisuka, unazichana, hujui lolote. Miezi mitatu ikitimia, zinaachia pamoja. Madaktari huiita hali hiyo telojeni efluviamu.

Nikafungua daftari na kuhesabu kurudi nyuma. Niliangukia wiki niliyoanza kazi mpya.

Kazi ile ilinila. Chakula cha mchana kilikuwa kikombe cha chai na mkate, siku tano kwa wiki. Jioni nilikuwa nimechoka kiasi kwamba maharagwe, ambayo kwa miaka yalikuwa nguzo ya sahani yangu, yalipikwa mara moja kwa wiki. Hata nilipoyala, nilishushia na chai nzito. Nilipungua kilo 7 katika wiki kumi, na watu walinisifu. Juu ya hayo hedhi yangu imekuwa nzito tangu ujana, jambo ambalo sikuwahi kulitaja kwa daktari yeyote kwa sababu nililiona ni la kawaida.

Akaagiza vipimo: damu kwa jumla, feritini, tezi ya shingo, vitamini B12 na zinki. Aliposikia kuhusu biotini akaniambia niiache kwanza, ndipo nipimwe siku chache baadaye, kwa kuwa dozi kubwa ya biotini huvuruga baadhi ya vipimo, hasa vya tezi, na majibu yakatoka ya uongo. Baadaye nilikuta kwamba FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilitoa tahadhari hiyo hiyo mwaka 2017 na kuirudia 2019. Nasikitika kwamba vidonge hivi hugawiwa kama peremende, ilhali upungufu halisi wa biotini ni nadra kwa mtu anayekula mlo wa kawaida.

Majibu yalikuja. Tezi iko sawa, B12 ya kutosha, zinki iko chini kidogo ya katikati lakini ndani ya kiwango. Hemoglobini, kile kipimo cha wingi wa damu, 12.2, juu kidogo tu ya 12 ambayo ndiyo mpaka kwa mwanamke asiye mjamzito. Kwa kipimo hicho peke yake ningeambiwa damu ipo, nirudi nyumbani. Feritini ilikuwa 9. Hiyo ndiyo akiba ya chuma mwilini, na Shirika la Afya Duniani huhesabu kwamba mtu mzima aliye chini ya 15 akiba yake imekwisha. Chungu kilikuwa bado jikoni kinachemka, lakini ghala lilikuwa tupu. Mwili ukifika hapo hugawa kidogo kilichopo kwa moyo, ubongo na misuli, na nywele si kiungo cha kuokoa maisha.

Nilimuuliza swali nililoliogopa: je, nirudi kula nyama? Akasema hilo ni langu, lakini kama nitaendelea kuacha, basi niache kwa maarifa. Chuma cha kwenye mimea hufyonzwa kwa shida kuliko cha kwenye nyama, ndiyo maana kuna mwongozo unaomtaka asiyekula nyama ahesabu mahitaji yake mara 1.8, kwa mwanamke wa umri wa kuzaa hiyo ni kama miligramu 32 kwa siku badala ya 18. Lakini ufyonzwaji huo unasogezeka, na kinachousogeza ni vitu vilivyo kwenye sahani moja na hicho chuma.

Chai ilinishangaza zaidi. Chai au kahawa ikinywewa pamoja na mlo wa mimea hupunguza chuma kinachofyonzwa kwa zaidi ya nusu. Nikitafakari miaka yangu tisa ya kumalizia kila chakula na kikombe, moyo uliniuma. Sikuiacha chai, naipenda mno. Niliisogeza: sasa nainywa saa moja au zaidi baada ya kula, tena katikati ya milo ndiyo salama kabisa. Nafasi yake mezani ikachukuliwa na kitu chenye vitamini C, kwa kuwa vitamini hiyo hufanya kinyume cha chai. Nyanya mbichi, pilipili hoho, ndimu iliyokamuliwa juu ya adesi, chungwa baada ya maharagwe. Nafaka na kunde nikaanza kuziloweka usiku kucha na kumwaga maji yake, wakati mwingine kuziacha zichipue, maana zina fitati inayokamata chuma na zinki visifyonzwe, na kuloweka huipunguza. Spinachi nilikuwa nikiitegemea kama dawa. Nikajifunza kwamba chuma kipo lakini kidogo tu ndicho kinachopita. Naila bado, ila siihesabu. Mbegu za maboga nikaziweka kwenye mkoba kwa ajili ya zinki na chuma pamoja. Na mchana nikala chakula. Nadhani hilo lilichangia kama vyote vingine, kwa sababu nywele ni protini, na mwili unaokosa protini na nishati hauwezi kuzijenga hata ukimiminiwa chuma.

Chakula peke yake kingechukua muda mrefu kujaza ghala, hivyo nilipewa vidonge vya chuma, kimoja leo, kesho napumzika, keshokutwa kingine, tumbo likiwa tupu, kwa maji ya chungwa. Nilitaka kunywa kila siku ili nipone haraka. Daktari akanieleza kwamba baada ya dozi, mwili huongeza homoni iitwayo hepsidini ambayo hubana mlango wa chuma kwa takriban siku nzima, kwa hiyo dozi ya siku inayofuata hufyonzwa kidogo zaidi na huweza kuumiza tumbo. Choo kilikuwa cheusi na kigumu. Cheusi hakina shida, kigumu nilikitibu kwa maji mengi na papai. Nasisitiza jambo hili kwa kila anayeniuliza: usimeze chuma kabla ya kupima. Chuma kikizidi hudhuru ini na moyo, na vidonge hivi vinaweza kumuua mtoto mdogo akivifikia. Hata vitamini A na seleniamu, zikizidi, zenyewe huangusha nywele.

Tena si kila nywele zinazotoka zinatoka kwa sababu kama yangu. Zikitoka kwa mabaka ya duara, au zikirudi nyuma kwenye paji na kupungua utosini kama za wazee wa ukoo, au ngozi ikiwasha, ikiuma na kubakiza makovu, hayo ni mambo mengine na yanahitaji tiba nyingine, mapema.

Nilimpigia Mama nikamsomea namba zote. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe chai." Nikamwambia chai, na njaa, na hedhi, vyote pamoja. "Basi chai tuisogeze," akasema. Nilipokwenda kumtembelea nilikuta bakuli la maharagwe limefunikwa kwa kitambaa jikoni, yameloweka tangu jana yake. Habari ya mchuzi hakuitaja tena.

Kipindi kigumu kuliko vyote kilikuwa wiki kumi za kwanza za dawa. Nilikula vizuri, nilimeza vidonge, na nywele ziliendelea kumwagika vile vile. Hapa ndipo wengi hukata tamaa na kubadilisha dawa, na hata mimi nilikaribia. Kilichonishika ni ile hesabu: nywele zilizokuwa zikidondoka wiki ile zilikwisha kuingia mapumzikoni kabla sijameza kidonge cha kwanza. Nilizikata zifike mabegani, nikaacha kuzibana kwa nguvu, nikafunga kitambaa siku ambazo sikutaka kutazamwa.

Mwezi wa nne wa dawa mto ulianza kubaki safi. Mwezi wa tano, nikiwa karibu na dirisha, niliona kwenye paji la uso vinywele vifupi vimesimama wima kila upande, havikubali kulala hata kwa mafuta. Nilivigusa kwa muda mrefu. Feritini ilikuwa 24 baada ya miezi mitatu, ikafika 41 baada ya sita. Nywele hukua kama sentimita moja kwa mwezi, kwa hiyo zile fupi zilichukua zaidi ya mwaka kufika kidevuni.

Mwaka jana nilishikwa na homa kali, siku nne joto likipanda hadi nyuzi 39. Nilipopata nafuu nilichukua kalenda, nikahesabu wiki kumi na mbili mbele, nikaweka alama. Nilipima feritini, ilikuwa 46. Niliendelea kula. Ilipokaribia ile alama, nywele zikaonekana kwenye mto. Daftari nililiacha kabatini.

Jioni ile Mama alisikia kitu kwenye sauti yangu, akauliza kama nimeanza tena kunywa chai na chakula.

"Hapana, Mama," nikamjibu. "Ni ile homa. Ndiyo kwanza inafika kichwani."