Kumbe ni yuleyule!

Juzi usiku nilikuwa naosha vyombo hapa hosteli, Yokohama, mwenzangu wa chumba akawasha redio yake ndogo, ile aeriali yake imefungwa kwa selotepu. Mwanamke anacheka mpaka pumzi zinamkatika. Nikaganda na sufuria mkononi. Sauti hii naijua!

Kumbe ni Hayashibara Megumi, mwigizaji wa sauti kwenye katuni za Kijapani. Yaani Rei wa Evangelion, yule binti baridi anayeongea kama ananong'ona, na Musashi wa Pokémon, mpiga kelele namba moja, ni mtu mmoja jamani! Kipindi chake kinaitwa Tokyo Boogie Night, kiko hewani tangu 1992. Evangelion yenyewe ilianza 1995, kwa hiyo redio ndiyo mkubwa. Na dada huyu alisomea uuguzi akahitimu kabisa.

Kijapani changu bado kinachechemea, nilidaka labda nusu. Anasoma barua za wasikilizaji, anatania, anaweka wimbo, anacheka tena. Mwenzangu anasema mama yake alikuwa akirekodi kwenye kaseti, kidole juu ya kitufe, akivizia.

Sufuria niliimalizia asubuhi.